Ukungu wa Ndizi

Izigo, Muleba
3 Februari 1975

Mdogo wangu Protase,

Mimi mzima, watoto wazima, Mama naye anakusalimu. Sasa soma haraka, maana sikukaa chini kukuandikia salamu.

Ugonjwa wa koo umeingia ng'ambo ya bonde. Ng'ombe analala vizuri jioni, asubuhi unamkuta koo limevimba, ulimi nje, anakoroma kama mtu mwenye pumu, na kabla ya chakula cha mchana amekufa. Watu wa kule wamepoteza nusu ya ng'ombe wao, na maji wanayokunywa ndiyo tunayokunywa sisi.

Nikukumbushe nilivyojiingiza. Kijiji chetu cha ujamaa kilipoanza, mimi ndiye niliyewazungukia wajane nyumba kwa nyumba nikiwaomba walete ng'ombe wao katika zizi moja, mchungaji mmoja, samadi igawanywe sawasawa. Hawakumwamini mwenyekiti wetu, Ta Lwakatare, kwa sababu yeye ng'ombe wake ni wengi na hata hivyo hakuleta wote. Waliniamini mimi, mjane mwenzao. Ma Klaudia alikuja akimvuta Bihogo, ng'ombe wake wa pekee, kwa kamba, akanikabidhi kamba mkononi mbele ya watu. Unamjua Ma Klaudia. Hana mume wala mtoto aliyebaki. Ana kibanja cha migomba na Bihogo wa kukitia samadi, basi. Bihogo akifa, ile migomba itasinyaa na yeye atakuwa mtu wa kuomba ndizi kwa jirani.

Wewe si unafanya kazi kwenye maabara ya mifugo? Mwambie huyo daktari wenu atuletee chanjo. Usiniandikie kwamba mnashughulikia, nimechoka na neno hilo. Niandikie itakuja siku gani.

Dada yako,
Joviana


Bukoba
8 Februari 1975

Dada yangu mpendwa,

Nilisoma barua yako nikiwa Hamugembe, kwenye chumba changu, na mwenye nyumba wangu Bi Ashura akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia bado.

Sitakudanganya. Chanjo ya viwandani haipo. Fedha za kigeni hakuna, na kikatoni kidogo tulichoahidiwa kinasubiriwa Mwanza tangu Krismasi. Lakini usichane barua, endelea kusoma.

Daktari Mwijage amekubali tutengeneze wenyewe. Kijidudu cha ugonjwa tunacho, tulikitoa kwa ng'ombe aliyekufa. Kazi ni kukipanda kwenye mchuzi wa nyama, kikiwa kingi tunakiua kwa dawa, halafu kile kilichokufa ndicho tunachomchoma ng'ombe ili mwili wake ujifunze kupigana. Shida ni kujua wako wangapi. Wakiwa wachache mno, ng'ombe hajifunzi kitu. Wakizidi mno, sindano yenyewe inamuumiza.

Utauliza nitawahesabuje wadudu wasioonekana. Hapa mdogo wako ana kisanduku kizuri sana. Upande mmoja kuna taa, upande wa pili kuna jicho la mashine, na katikati unasimamisha neli ya kioo yenye mchuzi. Mchuzi ukiwa safi, mwanga unapita wote na mshale unakaa kwenye sifuri. Wadudu wakizaana, mchuzi unaingia ukungu, mwanga unakwama na mshale unapanda. Zamani tulipokuwa na agari, ule ute unaogandishwa kwenye visahani, tuliwapanda wadudu juu yake na kuwahesabu kweli kweli, tukachora mstari: ukungu kiasi hiki ni wadudu kiasi hiki. Agari imekwisha mwaka jana. Mstari bado umebandikwa ukutani, nao unatosha.

Kinachonikwamisha ni mchuzi wenyewe. Unga wa nyama na sukari maalumu vilikuwa vinatoka Ulaya. Nyama nitapata hapa mjini. Sukari hakuna hata ya chai. Lakini nimewaza maji ya ndizi mbivu, omuramba kabla haujawa pombe. Ni matamu kuliko sukari yoyote ya dukani, na wadudu hawajui kama ni ya Kihaya. Daktari alicheka, kisha akasema huko ndiko kujitegemea kwenyewe.

Mdogo wako,
Protase


Izigo
14 Februari 1975

Protase,

Mbona hukusema mapema? Huyu Yunus, kondakta wa basi, anakuletea madumu mawili ya omuramba. Niliisoma barua yako kwenye mkutano, ile sehemu ya ndizi, na wajane wakaamka kama watu walioitwa harusini. Kila mmoja alileta mkungu wake wa mbivu. Walikanyaga ndizi kwa majani kuanzia asubuhi wakiimba, na Ma Klaudia akachuja mara mbili kwa nguo mpya ambayo hajawahi kuivaa. Alisema dawa ya Bihogo haiwezi kupita kwenye nguo kuukuu.

Ta Lwakatare alisimama akauliza tangu lini ng'ombe wakatibiwa kwa kinywaji cha watoto. Watu walicheka. Kisha akasema bila kucheka kwamba dawa ikishindwa ataandika wilayani ajulikane nani aliyechezea mali ya kijiji, na nani aliyemtuma. Nikamjibu aandike na jina langu, herufi zake ni chache.

Mdogo wangu, naogopa. Tumewatenga ng'ombe kila mmoja kwa mwenyewe, wasinywe kijitoni, na wakati mwingine nawazungukia bila sababu, nawashika koo mmoja mmoja. Fanya haraka.

Joviana


Bukoba
26 Februari 1975

Dada mpendwa,

Imekubali! Nakuandikia mikono ikiwa bado inanuka dawa.

Nilichemsha mchuzi wa nyama na ule omuramba wenu, ukatoka mzuri, nikapanda wadudu, nikaweka kwenye joto. Nilipouleta kwenye mashine, mshale ulipanda mpaka nikamwita Daktari aje aone mwenyewe. Hatujawahi kupata wingi wa namna ile hata kwa mchuzi wa Ulaya. Tukasoma mstari wa ukutani mara mbili. Wadudu ni wengi kupita kipimo, kwa hiyo nimewazimua kwa maji ya chumvi mpaka wafike kiasi kinachotakiwa, na kwa kuzimua huko dozi zimekuwa nyingi. Ng'ombe wenu wote watapata na bado chupa nyingine zitabaki hapa. Waambie wajane kwamba migomba yao imezaa ng'ombe.

Yunus amebeba chupa ndani ya kikapu chenye majani mabichi. Asiziache juani. Bartholomayo, yule msaidizi wa mifugo wa kwenu, anajua kuchoma. Atikise chupa kwanza, kisha achome chini ya ngozi ya shingo. Siku mbili tatu shingo itavimba kidogo pale palipochomwa, msishtuke.

Sasa nisikilize kwa makini. Sina agari, kwa hiyo sina njia ya pili ya kuhakikisha hesabu yangu. Nimehesabu kwa mwanga peke yake. Ng'ombe wenu ndio watakaoniambia kama nimehesabu sawa. Kwa hiyo uniandikie ukweli, dada. Hata akivimba koo mmoja tu, hata kama unadhani ni uzee au ni kitu alichokula, niandikie siku hiyo hiyo.

Mdogo wako anayejisikia mrefu leo,
Protase


Izigo
4 Machi 1975

Mdogo wangu,

Wamechomwa wote. Bihogo alimpiga teke Bartholomayo akamwangusha kwenye samadi, na Ma Klaudia akamwomba radhi Bartholomayo kana kwamba mtoto wake kamtukana mwalimu.

Ule uvimbe mdogo wa shingoni ulikuja kama ulivyosema, ukaondoka. Kwa kuwa sasa wamekingwa, tumeacha kuwatenga. Tumewarudisha wote zizini pamoja na wanakunywa tena kwenye kijito. Ta Lwakatare naye ameleta ng'ombe wake waliobaki, wale aliokuwa anawaficha kwa shemeji yake. Nilimpisha njia nikamwangalia tu, na nakiri nilifurahi kuliko inavyompasa mkristo katika Kwaresima.

Nimelala usingizi. Nilikuwa nimesahau ulivyo.

Dada yako,
Joviana


Bukoba
24 Machi 1975

Dada mpendwa,

Umenyamaza mpaka naanza kumsumbua Yunus kila basi linapoingia. Anasema hajapewa kitu.

Nakuhitaji uniandikie wiki hii, na nitakwambia kwa nini. Kile kikatoni cha chanjo ya viwandani kimepatikana, kinakuja na meli ya Mwanza baada ya Pasaka. Ni kidogo, kinatosha vijiji vitatu. Izigo iko kwenye orodha. Lakini Daktari anasema kama dawa yetu ya ndizi imefanya kazi kwenu, basi hamna haja ya kikatoni, kitakwenda kwa wengine, na chupa zetu zilizobaki nazo tutazigawa Muhutwe na Kamachumu wanakolia kila siku.

Anataka neno lako kwa maandishi. Nami nikuambie ukweli wa upande wangu, kwa sababu wewe ni dada yangu. Kama dawa imeshindwa, nitakuwa nimekwisha hapa. Kuna watu ofisini wanaoniita Bwana Ndizi na wanangoja tu. Watasema nimemwaga mali ya serikali kwenye omuramba, na siku hizi neno kama hilo linaweza kumpeleka mtu mahali asikorudi upesi. Nimekuwa sili vizuri.

Niambie tu kwamba ng'ombe ni wazima.

Protase


Izigo
Alhamisi Kuu, 27 Machi 1975

Protase mpendwa,

Ondoa wasiwasi. Ng'ombe wote wa Izigo ni wazima. Tangu walipochomwa dawa yako hakuna aliyeugua koo. Unaweza kumwonyesha Daktari barua hii.

Sikuandika kwa sababu ya kazi za palizi na mafungo. Kula, tafadhali. Mama anauliza kama utakuja Pasaka, nimemwambia una kazi kubwa.

Nimetia saini kwa jina langu lote, ofisi zinapenda hivyo.

Joviana Rwegasira
Katibu wa Kamati ya Mifugo, Kijiji cha Ujamaa Izigo


Bukoba
2 Aprili 1975

Dada, dada yangu,

Natamani ungekuwepo. Daktari aliisoma barua yako mbele ya wote, hata wale wa Bwana Ndizi, na mmoja wao akanipa mkono. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jengo nikalia kidogo. Usimwambie Mama.

Kikatoni kilishuka melini Jumatatu. Nilikuwa nimekishika mimi mwenyewe, kikiwa kimeandikwa Izigo ubavuni kwa wino mwekundu. Daktari akasema sasa Izigo hawakihitaji, nikachukua kalamu nikalikata jina kwa mkono wangu. Kimekwenda Karagwe jioni ile ile. Watu wengine watalala usingizi kwa sababu ninyi mko salama.

Dawa yetu nimeigawa Muhutwe na Kamachumu. Ta Mushumbusi, mwenyekiti wa Muhutwe, alikuwa mgumu. Hakutaka kusikia habari za ndizi mpaka nilipompa nakala ya barua yako. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Wataunganisha ng'ombe wa kijiji kizima katika zizi moja kama ninyi mlivyofanya, mwisho wa mwezi.

Leo nimekula ndizi sahani mbili.

Protase


Izigo
22 Aprili 1975

Mwanangu Protase,

Mimi ni Klaudia. Hii ni barua yangu ya kwanza kuandika mwenyewe. Nimejifunza katika darasa la watu wazima. Kama herufi zimepinda nisamehe.

Bihogo amekufa Jumapili. Alianza kukoroma Jumamosi jioni. Nilikaa naye nikamshika kichwa. Alikuwa na mimba.

Ng'ombe wa kwanza walikufa kabla ya Pasaka, wawili, wa Ma Ephrasia na wa kwa Mwombeki. Dada yako alisema ni uzee. Nyama tulikula Pasaka. Baadaye wakafa wengi. Sasa zizini wamebaki wanne na mmoja koo limevimba.

Sikulaumu mwanangu. Ulifanya kazi. Dada yako alituomba tusikuandikie, anasema utapata taabu ofisini. Haongei na watu. Hali chakula. Nimempa Yunus barua hii na dada yako hajui.

Nilitaka kuuliza jambo moja. Watu wanasema iko dawa nyingine inayokuja na meli. Kama ipo, tunaiomba kwa ajili ya wale wanne. Wangu ameshakufa lakini wale ni wa wenzangu.

Mungu akulinde.

Klaudia


Bukoba
24 Aprili 1975

Joviana,

Nimesoma barua ya Ma Klaudia.

Kwanza nilikukasirikia mpaka nikashindwa kuona. Nilikuomba ukweli. Nilikuambia ng'ombe wenu ndio hesabu yangu. Kisha nikakumbuka ni mimi niliyekuandikia mwezi wa tatu kwamba sili, kwamba nitafungwa, kwamba uniambie tu ni wazima. Nilikuomba ukweli kwa mkono mmoja, nikakuziba mdomo kwa mkono wa pili. Basi hasira nimeiweka chini, tutaigawana baadaye.

Nimefanya leo nilichopaswa kufanya mwezi wa pili. Kabatini ilibaki chupa moja ya ule mchuzi wa omuramba ambayo sikuipanda mdudu hata mmoja. Nikaimimina kwenye neli, nikaiweka kwenye mashine. Mchuzi mtupu, Joviana, usio na kitu. Mshale ulipanda ukapita nusu ya pale tuliposhangilia.

Ndizi zikikaa na nyama kwenye joto zinatoa ukungu wao zenyewe. Ukitaka kuwahesabu wadudu kwa mwanga, lazima kwanza uweke sifuri kwa mchuzi ule ule uliowapandia, ili ukungu wa mchuzi usihesabiwe kuwa wadudu. Mimi sifuri yangu ilikuwa neli ya zamani ya mchuzi wa Ulaya, niliyoiziba na kuitunza kwa sababu ilikuwa ya mwisho. Nyeupe kama maji ya mvua. Mashine haina njia ya kujua kilichozuia mwanga ni ugonjwa au ni ndizi mbivu za Ma Klaudia. Ilinihesabia ndizi nami nikaandika wadudu. Halafu nikaona wamezidi, nikawazimua. Zile dozi za ziada nilizojivunia zilikuwa maji ya chumvi.

Daktari yuko safarini na simu ya Kamachumu haiiti. Naondoka sasa hivi kwenda Kamachumu mwenyewe. Wewe uko karibu na Muhutwe. Jumamosi wanaunganisha zizi. Nenda kesho alfajiri uwaambie wasiunganishe, kila ng'ombe abaki nyumbani kwake, wasinywe pamoja. Sema dawa ni dhaifu na kosa ni la Protase. Lakini Mushumbusi ana barua yako mfukoni, kwa hiyo itabidi useme na lako.

Kuhusu wale wanne anaowaombea Ma Klaudia, hakuna dawa. Kikatoni kilikwenda Karagwe na kimekwisha. Mwambie utakavyoweza, ila usimwambie kwamba hakikuwahi kuwepo.

Protase


Izigo
28 Aprili 1975

Mdogo wangu,

Muhutwe hawakuunganisha. Nakutangulizia hilo ili upumue kabla hujasoma mengine.

Niliondoka Ijumaa kabla hakujapambazuka vizuri. Nilimkuta Ta Mushumbusi na watu wake wanapigilia nguzo za mwisho za zizi jipya. Nikamwambia dawa ni dhaifu, waache. Aliniangalia kwa upole, akatoa barua kwenye mfuko wa koti, akaifungua, akaniuliza kama saini ile ni yangu. Nikasema ni yangu. Akauliza watu wake wamwamini Joviana yupi, wa mwezi wa tatu au huyu. Mwingine akasema Izigo tunawaonea wivu, tunataka wao wasiwe na zizi zuri kama letu. Niliongea mpaka sauti ikakauka. Kumbe mtu ukiandika vizuri uongo ukautia na cheo chako, huwezi tena kuufuta kwa mdomo.

Mwishowe nikawaambia waje wakaone. Walikuja kumi na zaidi, na njia nzima hakuna aliyetembea ubavuni kwangu. Tulipofika walisimama kwenye lango la zizi letu. Alikuwamo ndama mmoja tu, amelala. Wale wanne wakubwa nao walikuwa wamekwisha. Ta Mushumbusi aliivua kofia yake, akawatuma vijana wake wawili warudi mbio wakabomoe lile zizi.

Watu wa kwetu walikuwa wamekusanyika kuona wageni wanafuata nini. Ta Lwakatare alikuwepo. Nilidhani atasema, nikawa namngoja aseme. Aliinamia lango tu, naye amepoteza wake wote. Basi nikasimama pale pale nikawaambia yote, Protase. Kwamba dawa ilikuwa na ndizi kuliko dawa, na wewe hukujua. Kwamba mimi nilijua kuna wawili wamekufa, nikaketi mezani kwangu nikaandika wote ni wazima. Nilijidanganya ni wazee. Nilijidanganya nakuokoa wewe. Ukweli ni kwamba niliogopa pia kurudisha zile kamba nilizokabidhiwa mbele ya watu. Nikawaambia kwamba ilikuwepo dawa nyingine imeandikwa jina letu, ikakatwa kwa sababu ya barua yangu. Kwamba wewe uliniandikia habari hizo mwezi wa nne ukifurahi, nami nikaificha barua yako chini ya godoro nikanyamaza tena, na Muhutwe nikawaacha wachomwe.

Hakuna aliyenipiga. Ma Ephrasia alianza kulia akaondoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakarudi kwenye vibanja vyao, mpaka nikabaki na Ma Klaudia.

Aliniuliza jambo moja tu, kwa sauti yake ile ya kawaida, niliiandika lini ile barua. Nikamwambia Alhamisi Kuu. Akaikumbuka siku hiyo. Kisha akasema, "Alhamisi Kuu nilimpelekea Bihogo majani. Alikula yote."

Joviana